LUGHA ISIWE UPANGA KIVUKONI

Masomo: Waamuzi 12:1-6; Mathayo 26:69-75; Matendo ya Mitume 2:1-13



Sisi wa Nyamwage twajua maana ya kivuko. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu aliyetaka kwenda Ikwiriri, Kibiti au Dar es Salaam hakuwa na njia ila kufika Ndundu, kuketi na mizigo yake ukingoni mwa Rufiji, na kungoja pantoni. Mto ukijaa, au pantoni ikiharibika, alilala huko huko. Hata awe na haraka ya mgonjwa au ya msiba, mbele ya maji yale hakuwa na uwezo wowote. Anayeshika kivuko ameshika maisha ya watu.

Kwa hiyo tukisoma habari ya vivuko vya Yordani katika Waamuzi sura ya 12, hatuhitaji kuelezwa sana. Wagileadi, wakiongozwa na Yeftha, walipigana na Waefraimu wakawashinda. Kisha wakawahi kushika vivuko. Kila aliyekuja akiomba kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa atamke neno moja tu: Shibolethi. Waefraimu hawakuizoea sauti ile ya mwanzo, wakasema Sibolethi. Hapo hapo mtu alikamatwa akauawa. Biblia yasema kwamba Waefraimu walioanguka wakati ule walikuwa 42,000.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Neno lenyewe halikuwa gumu wala halikuwa na siri. Maana yake ni suke la nafaka, jambo la mkulima yeyote. Tena wote hawa walikuwa ndugu, wana wa Israeli, waabuduo Mungu mmoja. Mtu hakuulizwa kivukoni kama ameiba, wala kama ana watoto nyumbani. Aliulizwa ulimi wake ulilelewa wapi.

Twaleta habari hii kwa sababu ya jambo lililotokea katika mtaa wetu, nasi wenyewe tumo ndani yake.

Kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye jina lake hatutalitaja, alipata nafasi ya kwenda kusoma Uchina. Tulimwombea kanisani, Umoja wa Akina Mama wakamshonea shati, akaenda. Kwa desturi ya nafasi za namna ile, mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kichina, kisha ndipo masomo yenyewe yaanze. Miezi miwili ya mwanzo alimpigia mama yake simu kila Jumapili. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Kisha akanyamaza kabisa.

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja alisema, "Ameshapata, ametusahau." Mwingine akasema, "Ndivyo walivyo, wakionja Ulaya hawatujui tena," kana kwamba Uchina ni Ulaya. Mama yake alikuwa akikaa benchi la mbele. Akahamia la nyuma. Nasi tuliyasikia maneno hayo, wala hatukuyakataza. Pengine tuliyatikisia kichwa.

Mwaka wa pili kijana akaja likizo. Akafika nyumbani kwetu jioni, akatuamkia, tukaketi barazani. Tulimwuliza kwa nini alinyamaza. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa naona aibu. Ningemwambia nini mama? Mimi niliyekuwa wa kwanza hapa, kule nilikuwa kama mtoto mchanga."

Akatueleza. Katika Kichina, sauti ikipanda au ikishuka neno hubadilika. Silabi moja tu, "ma", kwa sauti moja ni mama, kwa nyingine ni katani, kwa nyingine ni farasi, na kwa nyingine tena ni kukemea. Sisi tulimwelewa kidogo, kwa kuwa nasi tunayo barabara ya kupitia na barabara ya kufanya jambo sawasawa, na ni mkazo tu unaozitenga. Lakini kwetu maneno ya namna hiyo yahesabika. Kwao lugha nzima ndivyo ilivyo. Alikuwa akifungua kinywa dukani, watu wakimtazama, akafunga. Akawa mtu wa kuonyesha kwa kidole kama bubu. Darasani wenzake wakicheka, naye alicheka ili asionekane kwamba hakuelewa. Njiani watoto walimkodolea macho. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, naye aliuona weupe huo kila alipotoka chumbani. Basi akapunguza kutoka. Usiku alifunga mlango, akasali Baba Yetu kwa Kiswahili kwa sauti, apate kusikia tu maneno anayoyaelewa.

Kisha akatuambia neno lililotuchoma. Alisema, "Mwalimu, ile siku niliyocheka bila kuelewa, nilikikumbuka kibao."

Wapendwa, kibao hicho twakijua. Katika shule moja ya sekondari tuliyofundisha kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivikwa shingoni. Akimsikia mwenzake akikosea, alimvika yeye. Aliyekutwa nacho jioni kwenye mstari aliadhibiwa. Watoto walitoka shule za msingi walikosomeshwa kila somo kwa Kiswahili kwa miaka saba, na mara, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, walitakiwa kusoma, kuuliza na kujibu kwa Kiingereza. Huyu kijana, akiwa na wiki tatu shuleni, alitujia akasema, "Mwalimu, naumwa." Alikuwa na homa. Nasi, badala ya kumgusa paji la uso, tulimvika kibao. Mtoto mgonjwa aliomba msaada kwa lugha aliyokuwa nayo, katika nchi yake mwenyewe, nasi tukamwadhibu. Twakumbuka kwamba muhula ule hakuuliza swali tena darasani. Siku zile tulidhani amepata adabu.

Tuliposimama kivukoni, tulimwambia atamke Shibolethi.

Basi, kwa habari hii tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kutojua lugha si upumbavu, wala si dhambi. Ni hali ya kila anayevuka. Kanisa letu lenyewe katika nchi hii lilianzwa na watu wasiojua kusema. Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walipofika Unguja mwaka 1864 walikuwa wageni kabisa kwa lugha ya mji. Steere alikuwa msomi mwenye shahada kubwa, lakini ilimpasa kuuliza majina ya vitu kama mtoto, na kuandika neno baada ya neno. Waliomfundisha ni wenyeji wa Unguja, wengi wao Waislamu. Hilo na tulikumbuke sisi tunaoishi hapa Rufiji, ambako jirani zetu walio wengi ni Waislamu: lugha ya sala zetu tuliipokea mikononi mwa jirani zao wa zamani. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Kama wazee wale wa Unguja wangemcheka hata akanyamaza, tungalisoma nini leo?

Tena tumkumbuke Padre Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa Unguja. Alisoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Fikirini safari ya ulimi wa mtu huyo: Kiyao cha mama, Kiswahili cha shule, Kiingereza cha baridi na ukungu. Aliporudi aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1886, akatumwa Chitangali, kusini, kwa Wayao wenyewe. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misheni yetu. Hatudhani kwamba alifika Canterbury akisema kila kitu sawasawa. Lakini yuko aliyemvumilia.

Miaka mingi baadaye, mji huo huo wa Canterbury ulimpokea kijana mwingine kutoka Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyekwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Alianza kuandika katika upweke na kukumbuka kwao. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Wala Uchina si njia mpya kwa watu wetu: mwaka 1972 vijana wa Tanzania na Zambia karibu 200 walipelekwa Beijing kujifunza kazi za reli, wakati reli ya TAZARA ikijengwa. Nao walikula kwa vijiti na kuona baridi kabla kijana wetu hajazaliwa. Basi anayekwenda leo asidhani kwamba yu peke yake njiani. Wako waliotangulia, wakajikwaa, wakasimama.

Pili, mwenye kuona haya kwa ajili ya ulimi wake anaye mwenzake katika Injili. Ni Mtume Petro. Usiku ule Bwana alipokamatwa, Petro alikaa uani kwa Kuhani Mkuu. Watu waliosimama pale walimtambua kwa usemi wake, kwa maana alisema kama mtu wa Galilaya. Ile nayo ilikuwa Shibolethi. Kila alipofungua kinywa kujitetea, kinywa chenyewe kilimtaja. Naye kwa hofu akamkana Bwana wake.

Twapenda kumlaumu Petro, nasi hatukukaa uani kule. Mtu akiwa peke yake kati ya wageni, na ulimi wake ukamfunua, hujaribiwa kukana mambo mengi: kwao, jina lake, wazazi wake, hata imani yake. Kijana wetu alituambia kwamba alipoulizwa kwao ni wapi alijibu Dar es Salaam, kwa sababu alichoka kueleza Nyamwage. Ni jambo dogo, lakini ndivyo kukana kunavyoanza. Danieli naye alipelekwa Babeli akiwa kijana, akafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, akapewa na jina jipya. Hakuikataa lugha ile, wala elimu ile. Alijifunza akawapita wenzake. Ila hakuacha kusali, na dirisha lake lilielekea Yerusalemu. Ni mfano mzuri kwa wanaokwenda: jifunzeni lugha ya watu kwa bidii yote, na dirisha msilifunge.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Roho Mtakatifu hashiki vivuko, anajenga daraja. Tazameni siku ya Pentekoste. Waliokusanyika Yerusalemu walitoka Parthi, Misri, Rumi, Arabuni na kwingineko. Mungu angeweza kuwafanya wote waelewe Kigalilaya, nasi tungesema ni muujiza. Hakufanya hivyo. Hakuwaambia wageni, "Jifunzeni kwanza, ndipo mje." Aliwafanya wanafunzi waseme, na kila mgeni akasikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mzigo wa lugha aliutwika wenyeji, asiutwike mgeni. Na aliyesimama kuhubiri ni nani? Ni Petro yule yule wa usemi wa Galilaya. Ulimi uliomwaibisha uani ndio ulioinuliwa mbele ya maelfu.

Tukimwuliza kijana wetu ni nani aliyemvusha, hakumtaja profesa. Alisema ni mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza mboga karibu na bweni lao. Siku moja alipoonyesha kwa kidole, mama yule hakumpa mboga. Aliiinua juu, akalitaja jina lake polepole, akangoja. Kijana akajaribu, akakosea. Mama akarudia, bila kucheka. Alipopata, akampa mboga. Kesho yake mboga nyingine. Baada ya wiki chache mama yule akaanza kumwuliza yeye, ikawa kijana anamfundisha kusema "mchicha" na "bamia", na mama anakosea, na sasa wanacheka wote wawili. Kutoka mezani pale alipata ujasiri wa kuuliza darasani. Mama yule hamjui Kristo kwa kadiri tujuavyo sisi. Lakini alifanya tendo la Pentekoste, nasi tuliobatizwa tulifanya tendo la kivukoni.

Sasa yatupasa kufanya nini?

Kwenu vijana mnaotarajia kusafiri, na wengine mpo katika mtaa huu: msione haya kukosea mbele za watu. Anayengoja hata ajue ndipo aseme, hatasema kamwe. Mkielemewa, semeni nyumbani. Mama hahitaji habari za ushindi. Ahitaji sauti yako.

Kwenu wazazi na sisi jamaa: mtoto akipiga simu, swali la kwanza lisiwe la fedha, wala la atatuletea nini. Mwulizeni amekula nini, amelalaje, leo amejifunza neno gani. Na akinyamaza, msiamini haraka kwamba amejivuna. Ukimya mara nyingi ni jeraha. Mtafuteni.

Kwenu walimu wenzetu, mlio kazini bado: fundisheni lugha ya kigeni kwa bidii, kwa kuwa ni daraja, na mtoto asiyeipata hunyimwa mengi. Lakini msiifundishe kwa kudharau lugha aliyonyonya. Zakaria, baba yake Yohana, alipokuwa hawezi kusema, aliomba kibao, naye akaandika juu yake jina la mtoto, na kinywa chake kikafunguliwa. Hicho ndicho kibao kinachofaa shuleni, cha kufungua kinywa. Kile kingine kichomwe moto.

Na kwetu sote wa mtaa huu kuna neno moja limebaki, nalo si la ng'ambo. Kwa miaka hii wamekuja Rufiji ndugu zetu wafugaji, Wasukuma na wengine, wametoka mbali na mifugo yao. Twajua ugomvi uliokuwapo juu ya mashamba na malisho. Mambo hayo yana mahali pake pa kuamuliwa. Lakini Jumapili moja mama mmoja wa Kisukuma aliingia kanisani na mtoto mgongoni, akakaa nyuma. Tulipofika mahali pa kuomba rehema, alisema pamoja nasi, kwa sauti, "Bwana, utulehemu." Vijana wa kwaya wakacheka, na baadhi yetu wazee tukatabasamu. Jumapili iliyofuata hakuja.

Ndugu zangu, mtu alikuwa akimwomba Mungu rehema, nasi tulikuwa tukisikiliza herufi. Twaamini kwamba Mungu alimsikia sawasawa kabisa. Sisi ndio ambao hatukusikia. Twalia kwamba mtoto wetu alichekwa ugenini, kumbe mlango wetu nao ni kivuko, nasi tumeushika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakujaje, tukimngoja na Shibolethi mkononi?

Baada ya mazungumzo yale barazani, tulikwenda na kijana hadi kwa mama yake. Tulimwomba mama msamaha kwa maneno tuliyoyaacha yasemwe, na tukamwomba kijana msamaha kwa ajili ya kibao. Ni vigumu kwa mwalimu mwenye mvi kusema hivyo mbele ya mwanafunzi wake. Kijana akasema, "Mwalimu, yameisha." Kisha akamgeukia mama yake, akamtajia jina la mboga kwa Kichina, na mama akajaribu kulitamka, akakosea, akajaribu tena. Tukamwacha akijaribu.

Mama yule wa Kisukuma bado hatujamwona. Anakaa upande wa malisho, na wawili wa Umoja wa Akina Mama wameahidi kwenda pamoja nasi kumtafuta. Tumejifunza salamu ya kwao, "mwadila", tumpatie mlangoni. Bila shaka tutaitamka vibaya. Ikiwa atacheka, na acheke. Itakuwa zamu yetu.

Tuombe:

Ee Mungu, uliyewapa mitume wako ndimi ili kila mtu asikie habari zako kwa lugha yake, uwaangalie watoto wetu walio mbali, katika miji wasikoelewa wala kueleweka. Uwape rafiki mmoja wa kuwafundisha jina la kitu kimoja kila siku. Utusamehe sisi tulioufanya ulimi kuwa upanga. Ufungue vinywa tulivyovifunga, na uufanye mlango wa kanisa letu kuwa daraja, wala usiwe kivuko cha kuulizwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.